Je, Mungu Amemchukua Mtoto Wangu Ili Kunirudi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mvuvi hapa Malindi, nimeokoka, nami ni mshirika wa kanisa pamoja na mke wangu. Mwaka huu kusi lilipoanza kuvuma, mashua niliyoinunua kwa mkopo ilipigwa mwambani ikapasuka. Kabla sijamaliza kulipia mbao za kuitengeneza, mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, alishikwa na homa usiku, akapata degedege, na tulipomfikisha hospitalini hakumaliza siku mbili. Siku ya tatu ya matanga mzee mmoja wa kanisa alikuja akaketi ukingoni mwa mkeka niliokuwa nimelalia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu, kuna nini ambacho hujakitubu? Maana Bwana ampendaye humrudi." Tangu siku hiyo sina usingizi, kwa sababu kipo. Kabla sijaokoka nilizaa mtoto wa kiume na binti mmoja wa Lamu, nikamkimbia, na mpaka leo sijapeleka hata shilingi. Mke wangu hajui. Nimesoma habari za Daudi na mtoto wake aliyekufa, nikajiona mimi. Je, Mungu amemuua mtoto wangu ili kunirudi, yaani kunitia adabu? Na kama hivyo ndivyo Baba apendavyo, nitampendaje mimi niliyelelewa na baba aliyenipiga kwa waya mpaka nikatoroka nyumbani? Wengine wananishauri nifunge siku arobaini bila kula, ili laana iniondokee. Je, nifanye hivyo? Na je, naruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana?

JIBU: Ndugu yangu mpendwa katika Bwana, pole sana. Naanza na pole kwa sababu nikiisoma barua yako naona kwamba umeulizwa maswali na kupewa mashauri, lakini sioni mahali ambapo mtu aliketi nawe akalia. Mtoto wa miaka minne ameshajua jina la baba yake na hatua zake zinapokaribia mlangoni, na nyumba aliyotoka haiwezi kuwa ile ile. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro huku akijua kwamba baada ya muda mfupi atamfufua, kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote akwambie kwamba machozi yako ni upungufu wa imani.

Swali lako la kwanza nitalijibu kabla ya kulieleza, kwa kuwa mtu asiyelala hastahili kungojeshwa. Hapana. Mungu hakumwua mtoto wako ili wewe ulipe deni la ujana wako, wala hakuna mtu, awe mzee wa kanisa, mchungaji, au mimi ninayekuandikia, aliyekabidhiwa mamlaka ya kukutamkia kwamba alifanya hivyo.

Mzee yule alinukuu Maandiko, na maneno aliyoyanukuu ni ya kweli. Yamo katika Waraka kwa Waebrania sura ya 12, na mwandishi wa waraka ule aliyatoa katika Mithali sura ya 3: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi, naye humpiga kila mwana amkubaliye." Lakini neno la kweli likiwekwa mahali pasipo pake huweza kumjeruhi mtu kuliko uongo, kwa sababu aliyejeruhiwa hathubutu kulikataa. Hebu tuwatazame walioandikiwa maneno hayo. Sura ya 10 inatuambia kwamba walikuwa watu waliotukanwa hadharani, walioshirikiana na wafungwa, na walionyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani. Hawakuwa watu walioiba au kuzini kisha wakapatikana na msiba. Mwandishi hawaambii watafute dhambi ya siri iliyoyaleta mateso yale. Anawaambia kwamba mateso yale yale ambayo adui aliyakusudia yawavunje, Baba yao anayatumia kuwakomaza, nao wasizimie moyo. Na mfano anaowawekea mbele, katika aya zinazotangulia, ni Yesu aliyeustahimili msalaba, yeye asiyekuwa na dhambi hata moja, ambaye sura ya 5 ya waraka huo huo inasema juu yake kwamba ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata. Ikiwa Mwana asiye na dhambi alipitia shule ya mateso, basi mtu akipata mateso hatuwezi kuhitimisha mara moja kwamba yapo makosa yaliyoyavuta.

Hapa ndipo ninapokusihi uwe mwangalifu, maana mambo mawili yamechanganywa katika moyo wako, na hayana budi kutenganishwa. Liko jambo la malipo ya dhambi, na liko jambo la malezi ya mwana. Malipo ya dhambi za kila amwaminiye Kristo yalikwisha pale msalabani, na ndiyo maana mtume Paulo anaandika katika Warumi sura ya 8, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Kama Mungu angekudai tena leo kwa njia ya mtoto wako, ingekuwa damu ya Mwana wake ilipungua, na jambo hilo haliwezekani. Malezi ni habari nyingine. Baba humlea aliye wake tayari, aliyekwisha kukaa mezani pake, kwa makusudi ambayo Waebrania 12 inayataja bila kuficha: "kwa faida yetu, ili tuushiriki utakatifu wake." Wewe ni mvuvi, nawe unajua jinsi baba anavyomkabidhi mwanawe usukani siku ambayo bahari si shwari: mikono ya kijana itauma, pengine atakemewa kwa ukali, lakini baba yumo ndani ya chombo kile kile, wala hakukusudia kijana azame. Kurudiwa kwa mwana wa Mungu daima kunaelekea uzima wa yule anayerudiwa, na huko si kuhesabiana madeni.

Wazee wetu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nadhani methali hiyo imekaribia sana maneno ya Paulo kwa Wakorintho wa Kwanza sura ya 11, anaposema kwamba tunaporudiwa na Bwana ni ili isitupase adhabu pamoja na dunia. Baba anayemwonya mwanawe anamwepusha na mkono mgumu zaidi wa nje. Mahali ambapo Mungu amemwachia mtu aende atakavyo, asisikie kukemewa wala kuchomwa na dhamiri, ndipo penye kuogofya.

Umejiona katika habari za Daudi, nami sitaipita sura ile kana kwamba haipo. Ni kweli kwamba katika 2 Samweli 12 mtoto aliyezaliwa na mke wa Uria aliugua akafa, na kwamba nabii Nathani alikuwa amesema kuwa itakuwa hivyo. Lakini tazama yaliyoko pale ambayo kwako hayapo. Daudi aliambiwa na nabii aliyetumwa na Mungu, tena aliambiwa kabla mtoto hajaugua, naye aliambiwa dhambi yenyewe kwa jina lake: kumwua Uria kwa upanga na kumtwaa mkewe. Hakuachwa akisie. Kwako hakuna Nathani aliyekuja. Alikuja mzee aliyeuona msiba kwanza, ndipo akaanza kuitafuta dhambi ya kuufaa. Hiyo ndiyo njia waliyoifuata Elifazi na wenzake walipomwona Ayubu amezika wana saba na binti watatu, na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu iliwaka juu yao kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake. Wanafunzi wa Yesu nao waliifuata walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akawakatiza: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na watu walipomletea habari za waliouawa, yeye mwenyewe aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Kwa kawaida, basi, sheria ya Mungu ni ile iliyotangazwa kwa kinywa cha Ezekieli katika sura ya 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe. Kilichotokea kwa nyumba ya Daudi kilitokea kwa tamko la pekee la Mungu kwa mfalme wa Israeli, na mtu asiye na tamko kama hilo asilivae, wala asimvike mwenzake.

Na ikiwa utaendelea kusoma sura ile, basi usome mpaka mwisho. Mtoto alipokwisha kufa, Daudi aliondoka chini, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akala chakula. Akasema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Hata yeye, aliyekuwa na sababu ambayo wewe huna, hakubaki amelala juu ya ardhi akijihukumu.

Hapa pwani kwetu upo mfano ambao ningependa ukumbukwe zaidi makanisani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe na binti yao mchanga upande wa bara, huko Nyali. Hakuwaandikia waliomtuma kwamba Mungu amemkataa, wala kwamba kuna jambo anadaiwa. Aliwaandikia kwamba kaburi lile liwe kwao ishara ya kwamba kazi imeanza. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni cha Rabai. Aliomboleza kama mwana, na kama mwana akaendelea na kazi ya Baba yake.

Sasa niseme juu ya baba yako wa mwili. Umeandika kwamba alikupiga kwa waya mpaka ukatoroka nyumbani, na kwamba kwa sababu hiyo neno "Baba" linakukwama kooni. Ndugu yangu, Mungu hakuomba apimwe kwa baba yako. Waebrania 12 yenyewe inaweka tofauti: baba zetu wa mwili walituadibu "kama walivyoona vema wenyewe", yaani kwa akili zao zenye mipaka na hasira zao, bali yeye hufanya kwa faida yetu. Baba aliyekuchapa kwa waya alikuwa anakikosea kiti alichokalia, kwa maana akina baba wameagizwa katika Waefeso sura ya 6 wasiwachokoze watoto wao, na katika Wakolosai sura ya 3 sababu yake inatajwa, kwamba watoto wasije wakakata tamaa. Naomba walezi wote watakaosoma majibu haya walisikie jambo hilo, kwa kuwa wako wanaoichukua ile aya ya Mithali kama kibali cha kumwaga hasira zao juu ya miili ya watoto. Mungu tunayemwita Baba ndiye anayeelezwa katika Zaburi ya 103: "Kama vile baba awahurumiavyo watoto wake, ndivyo Bwana anavyowahurumia wamchao. Kwa maana Yeye anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Ndiye yule ambaye katika Luka sura ya 15 alimwona mwanawe angali mbali, akamhurumia, akaenda mbio kumlaki, na kumkumbatia kabla kijana hajamaliza hotuba ya toba aliyoitunga njiani. Ukitaka kujifunza jinsi Baba alivyo, mtazame Yesu, aliyesema kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba, wala usiutazame ule waya.

Nimekuambia kwamba kifo cha mtoto wako si mshahara wa dhambi yako. Siwezi kukuambia kwamba dhambi yako si kitu. Upo mwana wa kiume Lamu, naye yu hai. Wala sidhani kwamba ni msiba uliokufanya umkumbuke. Nadhani umekuwa ukimkumbuka kwa miaka mingi, kila mara uliposikia watu wakitaja Lamu, na umekuwa ukimsukumia pembeni. Ikiwa unataka kujua mahali ambapo Baba anakurudi kweli kweli, mimi naona ni hapo. Mashtaka ya yule ambaye Ufunuo sura ya 12 inamwita mshitaki wa ndugu zetu, yaani Shetani, huwa hayana mpaka wala njia ya kutokea. Yanakuambia tu kwamba umelaaniwa, ukeshe ukijichimba. Roho wa Mungu anapomwonya mwana, hulitaja kosa kwa jina lake na kumwonyesha pa kuanzia kulitengeneza. Wewe mwenyewe umelitaja kosa lako kwa mistari miwili, bila kuulizwa mara ya pili, na pa kuanzia panajulikana.

Na kuhusu ile saumu ya siku arobaini bila kula, nakukataza. Sisi wa Malindi si watu wa kuambiwa jambo hili mara mbili. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofunga mpaka kufa kwa tumaini la kumwona Yesu. Miili iliyotolewa ilizidi 400, wakiwemo watoto wengi ambao hawakuchagua kufunga, na kwa majuma mengi mochari ya hospitali yetu ilikuwa na watu waliokuja kuwatafuta jamaa zao. Mafundisho yale yana mzizi mmoja na ushauri unaopewa, nao ni imani kwamba Mungu hupendezwa na uchungu wenyewe, kwamba mwili ukiteswa vya kutosha ndipo naye hulainika. Baba hatoi malezi yake kwa njia hiyo. Hakuna mahali popote katika Waebrania 12 ambapo mwana anaambiwa ajirudi mwenyewe kwa kujiumiza; anaambiwa astahimili, ajitie chini ya Baba wa roho zetu na kuishi.

Kufunga kwa kiasi, kwa maombi, ni jambo jema, na kanisa limelifanya tangu mwanzo. Lakini kama unataka saumu ambayo Mungu ameichagua mwenyewe, iko katika Isaya sura ya 58, nami nilipoisoma baada ya barua yako nilisimama kwenye maneno ya mwisho ya aya ya 7. Baada ya kutaja kuwagawia wenye njaa chakula na kumvika aliye uchi, nabii anamalizia: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe." Miaka yote hii umejificha na mtu mwenye damu moja nawe. Fedha ambazo ungepoteza kwa siku arobaini bila kwenda baharini, mtumie yeye.

Usiende Lamu kwa ghafla, hata hivyo. Kwanza zungumza na mke wako, tena kabla hajayasikia kwa wengine, kwa kuwa maneno yaliyosemwa kwenye mkeka wa matanga hayakai mkekani. Amefiwa kama wewe, na atakuwa na haki ya kukasirika. Mwache akasirike, usimjibu kwa aya. Tena umwambie wazi kwamba jambo hili halikumwua mtoto wenu, maana bila hivyo atakuona kuwa ndiwe uliyemwua, na ndoa yenu haitaubeba uongo huo. Ukihitaji mtu wa kuketi nanyi siku hiyo, mimi na mke wangu tutakuja. Kisha upeleke ujumbe kwa mama wa kijana kupitia mtu mzima anayeaminika katika jamaa yake, ukiungama kosa bila kujitetea, na kuuliza kijana anahitaji nini. Pengine mama huyo ameolewa, pengine kijana amelelewa katika dini nyingine na kuitwa kwa jina la baba mwingine. Hukwenda kumdai, umekwenda kutimiza wajibu, nao hautegemei kama utapokewa vizuri. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Anza na kiasi unachokiweza sasa, mashua ikiwa bado juu mchangani, uongeze kaskazi litakapoingia na bahari kutulia. Karo ya muhula mmoja iliyofika ni bora kuliko ahadi ya kulipa miaka yote iliyopita.

Juu ya mzee yule, usimchukie. Nadhani alikuja akitaka kusaidia, na aliogopa kukaa kimya mbele ya kifo cha mtoto, kama tunavyoogopa wengi wetu. Nitazungumza naye mwenyewe, na sitalitaja jambo la Lamu.

Umeuliza mwisho kuhusu Meza ya Bwana. Paulo anaagiza kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na kuhusu aliyekwisha kujihoji anasema, "na hivyo aule mkate". Hakusema ajihoji kisha akae mbali. Umejihoji kwa usiku mwingi kuliko wengi wetu. Ukikusudia kweli kuanza safari hii, hata kabla haijakamilika, njoo, na mke wako kama atakuwa tayari, na kama hayuko tayari usimlazimishe. Mzee yeyote akikuuliza mlangoni kwa nini unakuja, mwambie umekuja kwa ruhusa ya Bwana mwenye meza, na akitaka maelezo zaidi aje kwangu.